Artikle 15 haitoshi: tulime chakula chetu, tudai artikle 47



Tuanze na ulizo moja ndogo. Jana magaribi ulikula nini, na ile chakula ilipita wapi mpaka kufika ku sahani yako?

Kama unaishi Goma, jibu zetu ziko karibu sawa. Shu, karoti, puaro na viazi vilishuka kutoka Kibumba na Rutshuru. Maharagi yalitoka Masisi. Ndizi, mihogo na sombe vilitoka Minova ao kisiwani Idjwi, vikavuka ziwa mpaka Kituku. Mji mzima wenye watu zaidi ya milioni moja unakula kupitia barabara mbili tatu na ufuko wa ziwa. Anayeshika barabara anashika tumbo letu.

Hatusemi mafumbo. Mwezi wa pili 2024 vita vilifika karibu na Sake, na njia ya kuunganisha Goma na Masisi na Minova ikakatika. Wamama wauzaji wakabaki na njia moja tu, ile ya maji. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti MV Merdi, iliyotoka Minova ikiwa imejaza kupita kiasi, ilizama mbele ya Kituku, karibu kabisa na ufuko, watu wakiangalia. Mwezi wa kwanza 2025 vita vikaingia ndani ya mji wenyewe. M23 wakashika Goma, benki zikafunga, uwanja wa ndege ukafunga.

Tangu siku hizo kila nyumba imejifunza kusoma fungu la lengalenga. Siku moja bei iko ile ile lakini fungu limekonda. Siku ingine fungu liko sawa lakini bei imepanda. Na siku zingine ni fufu na maji ya chumvi, watoto wanakula wakinyamaza.

Na bado nasikia wenzangu wakisema: « Kulima ni mambo ya wazee wa kijiji, siye tuko na diplome. » Ndugu yangu, hata mimi niko nayo. Iko ndani ya plastiki, chini ya godoro. Diplome haichemkaki ndani ya chungu.

Niko na wazo moja ya kuleta hapa, na najua wengine hawataikubali. Naona kwamba kulima chakula safi kwa mikono yetu, pale tunapoishi, bila dawa za kununua, ni kazi ya raia sawasawa na kuandamana. Na naona pia kwamba ile kazi, tukiifanya peke yake bila kudai haki, itakuwa paka njia ingine ya kutunyamazisha. Vyote viwili vitembee pamoja.

Udongo uko wapi?

Nyumba yetu imejengwa juu ya mawe ya volkani ya 17 Januari 2002, ule moto wa Nyiragongo uliokata mji katikati mpaka ukafika ziwani. Parseli ni ndogo, na chini ni jiwe jeusi tu. Ukipiga jembe, ni jembe njo inaumia. Kwa hiyo kwetu hakuna aliyefikiria kulima. Tulisema hakuna udongo, mambo ikaisha.

Aliyetubadilisha mawazo ni mama mmoja mkimbizi wa Masisi. Mwaka 2024 alikuwa anaishi chini ya bashi ku kambi ya Bulengo, na anapita kwetu kufua nguo ili watoto wake wakule. Siku moja alitukuta tunabishana juu ya bei ya mboga. Akacheka, akasema:

« Batoto yangu, munasema hamuna udongo. Muko na mufuko? »

« Tuko nayo, mama. »

« Muko na majiwe? »

Tukacheka na siye. Majiwe, Goma?

« Na buchafu ya jikoni muko nayo, kila siku munatupa. Basi muko na shamba. Siye bakulima tuko mu kambi tunangojea foronya ya unga, na nyiye bantu ya mu mji munangojea mboga yetu. Sasa nani atalima? »

Ile neno haijanitoka mpaka leo. Wakulima wa Masisi na Rutshuru, wale waliokuwa wanatulisha, waliishi miaka miwili mitatu ku Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala, hatua chache kutoka kwetu. Tuliwaona kama watu wa kuhurumia. Hatukuwaona kama walimu.

Namna tulivyofanya

Naeleza hapa kidogo kidogo, sababu mambo ya kulima haifundishwi na hotuba.

Tulichukua mifuko ya unga ya kilo 50 iliyokwisha. Udongo tulinunua kwa wale wanaobeba na chukudu kutoka upande wa juu, kidogo tu. Ingine tulitengeneza wenyewe: maganda ya ndizi, ya viazi na ya mihogo, majani makavu, jivu kidogo, na mavi ya sungura wa jirani. Unapanga kwa safu, kitu kibichi, kitu kikavu, kitu kibichi, kitu kikavu. Unamwaga maji kidogo, unafunika, na unageuza kila wiki mbili. Ndani kunakuwa moto, na ule moto njo unaua vidudu na mbegu za majani mabaya. Goma iko na baridi, kwa hiyo hesabu miezi mitatu. Ikiisha kuiva haina harufu mbaya. Inanuka sawa udongo wa porini baada ya mvua.

Kisha unasimamisha mfuko. Katikati unaweka kopo kubwa lisilo na chini wala juu, unalijaza mawe madogo ya volkani, na pembeni yake unaweka udongo uliochanganywa na mboji. Unavuta kopo juu, unajaza tena, mpaka kufika mdomo wa mfuko. Ile nguzo ya mawe ya katikati njo bomba la maji: ukimwaga juu, maji yanashuka mpaka chini na kulowesha mfuko wote. Mawe tuliyokuwa tunayalaani yakawa na kazi.

Unatoboa matundu pembeni na unapanda. Juu tunaweka lengalenga, seleri na vitunguu. Pembeni shu na sukuma. Lengalenga inakatwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu ao ine, na kama hauing'oi na mizizi inatoka tena. Mfuko mmoja haushibishi jamaa, lakini mifuko kumi inafanya mama asinunue mboga siku nyingi za wiki.

Sitaficha makosa yetu. Mara ya kwanza tulikuwa na haraka, tukaweka mavi ya kuku mabichi. Miche yote iliungua ndani ya siku ine, kama imepitishwa ku moto. Mara ya pili tulipanda nyanya peke yake, zote pamoja kama askari kwenye mstari. Ugonjwa ulipoingia kwa moja, ziliondoka zote. Sasa tunachanganya: vitunguu karibu na karoti, maharagi karibu na shu, sababu maharagi yanalisha udongo. Kidudu kikija hakikuti meza imetandikwa kwa ajili yake peke yake.

Dawa tunapika wenyewe. Pilipili kali na kitunguu saumu, unaponda, unalaza ndani ya maji usiku mmoja, unachuja, unaongeza sabuni kidogo ili ishike majani, na unapuliza magaribi jua likilala. Jivu tunazungusha chini ya shina kwa ajili ya konokono. Kwa mbolea ya maji tunatumia lile jani la maua ya manjano yanayofanana na alizeti, linaloota pembeni ya barabara na ku nyua, wataalamu wanaliita Tithonia. Unalikata, unalilaza ndani ya bidon wiki mbili, linanuka vibaya sana, majirani watalalamika. Unachanganya na maji mengi kabla ya kumwagilia. Linalisha mboga bila kununua hata gramu moja ya mbolea.

Na tahadhari tatu, juu ya afya. Usitumie mavi ya watu wala maji ya mtaro: kipindupindu tunakijua hapa kwetu. Usipande ndani ya ndoo ya rangi, ya batri ao ya mafuta ya gari: sumu inaingia ndani ya mboga. Na volkani ikitoa moshi mwingi, mvua inashuka na asidi, inaunguza majani. Siku hizo funika mboga, na maji ya kwanza ya bati yaache yapite.

Juu ya nini bila dawa ya duka?

Mtu anaweza kuuliza: juu ya nini kujitesa hivi, wakati dawa na mbolea vinauzwa?

Kwanza, makuta. Mbolea ya mfuko na dawa za kupuliza zinatoka nje, zinalipwa kwa dola. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, bei ya mbolea ilipanda dunia nzima, na mkulima wa Masisi alilipia vita ambavyo hata hajui viko wapi. Chakula kinachotegemea kitu cha mbali hivyo bado kiko mateka, hata kama kimeota nyuma ya nyumba yako.

Pili, mwili. Ku soko utakuta nyanya zimepakaa unga mweupe ao wa bluu. Ile ni dawa. Mara mingi imepimwa kwa jicho, kutoka kachupa kasiko na etiketi, na imepulizwa jana ili nyanya zifike leo zikingali nzuri. Sisemi hii ili kuwalaumu wamama. Hakuna aliyewaonyesha, na wakirudi na nyanya zilizooza nani atawalipia shule ya watoto? Na mara mingi anayepuliza ni kijana kama siye, na pompu mgongoni, bila ganti, bila kitambaa mdomoni. Ile sumu inamfikia yeye kabla ya kutufikia siye.

Tatu, udongo wenyewe. Milima yetu ya Kivu iko na mteremko mkali na mvua nyingi. Shamba likibaki uchi, udongo mzuri unashuka mpaka ziwani. Mkulima anayefunika ardhi na majani makavu, anayepanda mistari ya kukata mteremko, anayerudisha mavi na majani shambani, anaachia watoto udongo. Anayetia mbolea ya mfuko peke yake juu ya ardhi inayokimbia ni kama anajaza maji ndani ya kikapu.

Sasa artikle 15

Hapa njo nafika pale panaponiuma.

Wote tunaijua artikle 15. Siyo ile iliyoandikwa ndani ya Katiba. Nasema ile ya barabarani, ile ya wazee wetu: *jitafutie mwenyewe*. Hakuna maji? Artikle 15. Hakuna kazi? Artikle 15. Barabara imekatika? Artikle 15. Congo nzima imeishi juu yake miaka na miaka, tukaimba kama ni sifa.

Najua wako viongozi watakaofurahi wakisoma maandishi haya. Watasema: « Mnaona, vijana wanajitegemea! » Watakuja kupiga picha mbele ya mifuko yetu ya shu, na baadaye watarudi kufanya ile wamezoea. Kama kulima kwetu kutakuwa hivyo, basi heri tusilime. Njaa itakuwa kosa letu: ukilala bila kula, watakuambia kwamba haukupanda lengalenga ya kutosha.

Tuseme ukweli. Mifuko inatoa mboga, haitoi fufu. Havana, ku Cuba, walipitia mambo karibu na yetu. Baada ya Soviet kuanguka mwaka 1991 walikosa mafuta na mbolea, na wakaaji wakaanza kulima viwanja vitupu vya mji kwa mboji, ndani ya vitalu vilivyozungushwa kuta ndogo. Mboga zikarudi ku sahani. Lakini kuna mambo mawili ya kukumbuka. Ile kazi iliwezekana sababu watu walipewa haki ya kutumia ardhi ya mji, wakapata mbegu na watu wa kuwaonyesha. Na hata hivyo, mpaka leo Cuba inanunua nje sehemu kubwa ya chakula chake. Bustani ya mji haichukui nafasi ya mashamba wala ya amani.

Kwetu, mwaka 2024, hesabu ilihesabu Wacongomani zaidi ya milioni 25 walio ndani ya njaa kali. Ni ndani ya nchi hii hii ambayo viongozi wanapenda kurudia kwamba iko na hekta milioni 80 za kulimika. Mfuko wangu wa shu hauwezi kujibu hiyo. Inajibiwa na mkulima anayerudi shambani bila kuogopa risasi, na barabara inayopitika, na budjeti. Mwaka 2003, kule Maputo, wakubwa wa nchi za Afrika waliahidi kuweka angalau asilimia 10 ya budjeti ya nchi ku kilimo. Vijana wengi wanaosoma hapa hawakuwa wamezaliwa. Ahadi bado inangojea.

Kwa hiyo toka artikle 15, tuende artikle 47. Hiyo imeandikwa kabisa, ndani ya Katiba ya 18 Februari 2006: haki ya afya na ya usalama wa chakula imehakikishwa. Haisemi ni msaada, haisemi ni zawadi ya mheshimiwa siku ya kampeni. Inasema haki.

Na hapa njo mfuko wa shu unakuwa na nguvu ya siasa. Anayelima anajua hesabu. Mbele, nilikuwa nalalamika kwamba « hakuna maji ». Sasa najua: mifuko kumi na mbili inakunywa bidon moja kila siku jua likiwaka, na dada zangu wanaipanga mstari ku robine saa kumi na moja asubuhi. Mbele, nilikuwa nasikia kwamba viwanja vya watu wote vinauzwa, napita. Sasa nikiona kiwanja cha kartie kimezungushwa ukuta usiku, nahesabu ni jamaa ngapi zingekula pale. Mtu ambaye ameshika udongo hadanganyiki kwa urahisi na hotuba ya chakula.

Tunachodai

Kwa yeyote anayetawala mji wetu leo, na yeyote atakayetawala kesho, tunasema:

1. Barabara za chakula ziachwe wazi. Mama mwenye kikapu si adui wa mtu. Kumlipisha kila kizuizi ni kuiba ku sahani ya mtoto.

2. Viwanja vya watu wote visiuzwe. Vile vinavyobaki bure, kartie ipewe haki ya kulima, kwa maandishi, ili mpangaji asiogope kufukuzwa kabla ya kuvuna.

3. Maji yafike. Bila maji, hotuba za kilimo ni upepo.

4. Dawa za shambani ziuzwe na etiketi, kwa luga ambayo mkulima anasoma, na ziangaliwe ku mipaka.

5. Wakulima waliokimbia warudi kwao kwa usalama na wapewe mbegu, pamoja na zile za wazazi wetu ambazo mtu anaweza kuzihifadhi mwenyewe.

6. Shule ziwe na bustani, na mtoto asipelekwe pale kama azabu. Tulifundishwa jembe ni malipo ya mchelewaji. Njo maana leo tunaliogopa.

Na siye?

Tusingojee majibu ya hizo sita ndipo tuanze. Wiki hii, kila seli ya vijana ichukue parseli moja na mifuko mitano. Tenga uchafu wa jikoni na plastiki leo hii, sababu mboji inachukua miezi mitatu na haina haraka yetu. Tafuteni mama ao mzee aliyekimbia kutoka kijijini, mwombeni awafundishe, na mumlipe, hata kidogo. Yeye ni profesa. Ile salongo ya Jumamosi isiishie ku kufagia barabara: tuifanye iache kitu kinachoota. Na mboga za kwanza, tupeleke fungu moja kwa jirani ambaye hana, kisha tumueleze artikle 47.

Yule mama wa Masisi hatujui yuko wapi. Mwezi wa pili 2025 kambi zilipovunjwa aliondoka na watoto, na bashi imekunjwa kichwani. Kabla ya kwenda alipita kwetu, akakata lengalenga kidogo kwa njia, na akaacha mbegu za maharagi zimefungwa ndani ya kitambaa. Akasema: « Mutanirudishia siku nitarudi. »

Tulizipanda. Tumevuna mara mbili, na kila mara tunatoa sehemu yake, tunaiweka kando ndani ya chupa kavu iliyofungwa vizuri. Ile deni tutailipa. Na ile ingine, ya amani na ya barabara ambayo itamuwezesha arudi kuichukua, tutaidai mpaka ilipwe.

Jembe mkononi, Katiba mkononi. Tusonge.